Mwongozo Kamili wa Kutatua Matatizo ya Kuhamisha Faili Unapotengeneza Nakala Rudufu za Seva Ndogo

Kazi ya kutengeneza nakala rudufu ikikwama, wengi huirudia amri ileile mara kadhaa, kisha huanza kubadilisha mipangilio ya mtandao. Tabia hiyo hupoteza muda, kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo yanayoitwa ya mtandao hayatokani na mtandao: hutokana na diski iliyojaa, ruhusa iliyokosekana, faili iliyobadilika wakati inasomwa, au ratiba iliyoanzisha kazi katika mazingira tofauti na yale iliyojaribiwa. Mwongozo huu unafuata njia moja tu, nayo ni kutambua kwanza tatizo liko upande gani kabla ya kurekebisha chochote.

Mifano imechukulia kwamba seva ya chanzo na mashine ya hifadhi zote zinatumia Linux, na kwamba faili zinahamishwa kwa programu ya rsync kupitia SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali), mpangilio unaotumika sana kwa seva ndogo. Anayetumia SFTP, FTP au folda iliyoshirikiwa mtandaoni atakuta kwamba hoja nyingi ni zilezile, na pale zinapotofautiana nimesema hivyo. Katika amri zote, mtumiaji anayeendesha kazi ameitwa `nakala`, na mashine inayopokea imeitwa `hifadhi`.

Hatua ya kwanza: soma kosa la kwanza, halafu namba ya mwisho

Programu inaposhindwa huandika mistari mingi, na macho huelekea kwenye mstari wa chini kabisa. Mstari huo mara nyingi ni matokeo tu. Chanzo cha kosa kimeandikwa juu yake, pengine mistari mamia kabla, mahali ambapo jina la faili moja limetajwa pamoja na sababu yake. Kwa hiyo elekeza matokeo yote, ya kawaida na ya makosa, kwenye faili moja ya kumbukumbu:

`rsync -a -i --stats /srv/data/ nakala@hifadhi:/nakala/data/ > /var/log/nakala.log 2>&1; echo $?`

Amri ya mwisho huonyesha namba ambayo rsync huiacha inapomaliza, na namba hiyo ina thamani kubwa kuliko maneno yenyewe. Sifuri maana yake kazi imekamilika bila kosa. Namba 11 inaonyesha kosa la kusoma au kuandika faili, kwa hiyo angalia diski. Namba 12 inaonyesha kwamba mazungumzo kati ya pande mbili yamevurugika, jambo linaloweza kusababishwa na muunganisho uliokatika, na pia na upande wa pili uliokufa ghafla kwa kukosa nafasi au kumbukumbu ya kufanyia kazi. Namba 23 inasema baadhi ya faili hazikuhamishwa. Namba 24 inasema baadhi ya faili zilitoweka kati ya kuorodheshwa na kunakiliwa. Namba 30 ni ya muda wa kusubiri kuisha, na 255 kwa kawaida hutoka kwa SSH yenyewe, si kwa rsync.

Tofauti kati ya 23 na 24 inastahili kukaziwa. Kwenye seva inayofanya kazi, faili za muda huundwa na kufutwa kila dakika, kwa hiyo 24 ni jambo la kawaida ambalo mara nyingi linaweza kupuuzwa baada ya kuangalia majina yaliyotajwa. Namba 23 haipaswi kupuuzwa kamwe, kwa kuwa ina maana kwamba nakala ina mapengo. Nimeona hati (script) za kuendesha kazi zinazozichukulia namba hizi mbili kuwa sawa na mafanikio ili tu barua pepe za onyo zikome. Huko ni kuzima king'ora na kuuacha moto.

Namba zilizo ndani ya mabano mwishoni mwa ujumbe wa kosa hutoka kwenye mfumo wa uendeshaji, nazo husaidia kutambua upande husika: 13 ni ruhusa kukataliwa, 28 ni nafasi kuisha, 27 ni faili kuwa kubwa kupita kiasi kinachoruhusiwa, 30 ni mfumo wa faili unaoruhusu kusoma tu, na 5 ni hitilafu ya kusoma au kuandika, ambayo karibu kila mara inaelekeza kwenye diski yenyewe, waya wake au kidhibiti chake. Usichanganye namba hizi na zile za rsync. 30 ya mabano na 30 ya rsync ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hatua ya pili: tenganisha chanzo, njia na hifadhi

Baada ya kusoma kosa, fanya majaribio matatu mafupi. La kwanza ni la chanzo peke yake: soma faili zote bila kuzipeleka popote, kwa mfano kwa `tar cf - /srv/data | wc -c`. Usielekeze `tar` moja kwa moja kwenye `/dev/null`, kwa sababu toleo la GNU hutambua hilo na kuruka kusoma maudhui ya faili, kwa hiyo jaribio huonekana limefaulu ilhali halijapima kitu. Kosa likitokea hapa, mtandao hauhusiki hata kidogo.

Jaribio la pili ni la hifadhi peke yake. Ingia kwenye mashine inayopokea kwa mtumiaji yuleyule wa kazi, uandike faili kubwa kiasi mahali palepale zinapoandikwa nakala, halafu uifute:

`dd if=/dev/zero of=/nakala/data/jaribio bs=1M count=1024 conv=fsync`

Jaribio la tatu ni la njia: `iperf3` ikiendeshwa pande zote mbili hupima kasi ya mtandao bila kugusa diski yoyote. Programu hii hutumia poti 5201 isipoelekezwa vingine, kwa hiyo faiwoli huenda ikahitaji kufunguliwa kwa muda. Majaribio haya yakikamilika utajua utumie saa zako wapi, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu inayokuhusu hapa chini.

Hatua ya tatu: muunganisho unapokataliwa

Maneno ya kosa yana maana mahususi. "Connection refused" inasema mashine ya mbali imefikiwa na imejibu, lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, au faiwoli imekataa waziwazi. "Connection timed out" inasema hakuna jibu lililorudi, kwa hiyo shuku anwani isiyo sahihi, mashine iliyozimwa, au faiwoli inayotupa pakiti kimyakimya. SSH hutumia poti 22, rsync inayoendeshwa kama huduma inayojitegemea hutumia 873, na FTP hutumia 21 kwa maagizo pamoja na poti nyingine kwa data. Amri ya `nc -zv hifadhi 22` inatosha kuonyesha kama poti imefunguliwa. Ikiwa muunganisho ulikuwa ukifanya kazi na umekatika ghafla baada ya majaribio mengi ya nenosiri lisilo sahihi, angalia kwenye mashine ya mbali kama programu ya ulinzi kama fail2ban imeizuia anwani yako.

Ukifika kwenye "Permission denied (publickey)", endesha `ssh -v nakala@hifadhi` uone ni funguo zipi zinazopendekezwa na jinsi zinavyopokelewa. Sababu inayojirudia zaidi ni ruhusa za folda. Seva ya SSH hukataa kutumia faili ya `authorized_keys` ikiwa faili hiyo, folda ya `.ssh` au folda ya nyumbani ya mtumiaji inaweza kuandikwa na watu wengine. Weka 700 kwenye `.ssh` na 600 kwenye `authorized_keys`, kisha hakikisha folda ya nyumbani haijafunguliwa kwa kikundi. Sababu ya pili huwakuta wenye mashine za miaka tofauti: tangu toleo la 8.8 la mwaka 2021, OpenSSH imezima kwa chaguomsingi saini za RSA zinazotumia SHA-1, kwa hiyo seva mpya na mashine ya zamani zinaweza kukosa njia ya kuelewana hata kama ufunguo ni sahihi. Suluhisho bora ni kutengeneza ufunguo mpya wa aina ya ed25519 pale ambapo mashine ya zamani inauelewa. Kurudisha saini za zamani kuwe kwa mashine hiyo moja tu, ndani ya faili ya `~/.ssh/config`, na kwa muda mfupi.

Onyo kwamba utambulisho wa mashine ya mbali umebadilika lisifutwe kwa mazoea. Ikiwa mashine imewekewa mfumo upya, hilo linatarajiwa, na `ssh-keygen -R hifadhi` itaondoa utambulisho wa zamani. Ikiwa hakuna aliyeigusa, thibitisha kwanza utambulisho mpya ukiwa mbele ya mashine yenyewe, kwa kuwa data yote ya seva yako iko karibu kupelekwa huko.

Hatua ya nne: unaingia, lakini uhamishaji hauanzi

Hali hii huwashangaza wengi: SSH inafanya kazi vizuri kwa mkono, lakini rsync inatoa ujumbe wa "protocol version mismatch -- is your shell clean?". Maana yake ni kwamba upande wa pili umetuma maandishi ambayo rsync haikuyatarajia, kama vile salamu, ripoti ya hali ya mfumo au matokeo ya amri iliyowekwa kwenye `.bashrc`. Kipimo chake ni rahisi:

`ssh nakala@hifadhi /bin/true > tokeo.dat`

Faili ya `tokeo.dat` inapaswa kuwa na baiti sifuri. Ikiwa ina chochote, ifungue, soma maandishi hayo, kisha uyaondoe au uyawekee sharti la kuonekana pale tu mtu anapoingia mwenyewe. SFTP huvurugika kwa sababu hiyohiyo. Ujumbe wa "command not found" nao unamaanisha tu kwamba rsync haijasakinishwa upande wa mbali, au ipo mahali ambapo mfumo hauitafuti. Chaguo la `--rsync-path` huonyesha mahali ilipo.

Hatua ya tano: uhamishaji unapoanza kisha ukakatika au ukaganda

Hapa pana mambo mengi, na ni sehemu ambayo haraka huleta hasara. Anza kwa kutofautisha kukatika na kuganda. Kukatika huleta ujumbe wa kosa, mara nyingi "Broken pipe" au "Connection reset by peer". Kuganda hakuleti chochote: maendeleo husimama, na programu hubaki ikisubiri. Kwa chaguomsingi rsync haina kikomo cha kusubiri, kwa hiyo kazi iliyoganda Jumatatu inaweza kukutwa bado "inaendelea" Ijumaa. Weka `--timeout=300` ili ishindwe kwa uwazi baada ya dakika tano za ukimya.

Kukatika baada ya kipindi cha utulivu kwa kawaida husababishwa na ruta au faiwoli inayosahau miunganisho isiyopitisha data. Utulivu huo hutokea wakati rsync inapitia folda zenye faili nyingi sana, au inapolinganisha faili kubwa mno pande zote mbili. Ongeza mistari hii kwenye `~/.ssh/config` ya mtumiaji anayeendesha kazi:

`Host hifadhi`
`    ServerAliveInterval 30`
`    ServerAliveCountMax 4`

Kwa mipangilio hiyo, SSH itatuma ujumbe mdogo kila baada ya sekunde 30 za ukimya, na itakata muunganisho yenyewe ikikosa majibu manne mfululizo.

Kuganda kuna sura moja inayotambulika haraka ukishaijua: kuingia kwa SSH kunawezekana, faili ndogo zinapita, lakini faili kubwa ya kwanza inasimama baada ya kilobaiti chache. Hiyo ni dalili ya ukubwa wa pakiti usiolingana na njia. Mtandao wa kawaida wa Ethernet hubeba pakiti za hadi baiti 1500, lakini njia ikipitia PPPoE (aina ya muunganisho wa mtoa huduma wa intaneti) kikomo hushuka hadi 1492, na ikipitia WireGuard (aina ya VPN) chaguomsingi ni 1420. Pakiti inayozidi kikomo inapaswa kurudishiwa taarifa, ila faiwoli nyingine huzuia taarifa hizo, hivyo mtumaji huendelea kutuma asichojua kwamba hakifiki. Jaribu hivi:

`ping -M do -s 1472 hifadhi`

Baiti 1472 za data pamoja na 28 za vichwa hufanya 1500. Ikiwa haipiti, punguza namba hadi ipite, ongeza 28 kwenye namba hiyo iliyofaulu, na matokeo yake ndiyo kikomo cha njia yako. Weka kikomo hicho kwenye kiolesura cha mtandao kwa `ip link set dev eth0 mtu` ikifuatwa na namba, ukibadilisha `eth0` kwa jina la kiolesura chako. Afadhali zaidi, ruhusu taarifa hizo, ziitwazo ICMP, kwenye faiwoli iliyozizuia, ikiwa una mamlaka nayo.

Usisahau mashine zenye kumbukumbu ndogo. Mfumo unapoishiwa, huua mchakato mmoja ili kujiokoa, na upande wa pili huona tu muunganisho uliokufa. Amri ya `dmesg -T` kwenye kila mashine itaonyesha maneno "Out of memory" ikiwa hilo limetokea. Tangu toleo la 3.0.0 la mwaka 2008, rsync hupitia folda hatua kwa hatua badala ya kuorodhesha kila kitu mwanzoni, na hilo limepunguza sana mahitaji yake. Lakini machaguo ya `--delete-before` na `--delete-after` hulazimisha orodha nzima iwepo kwa pamoja, na `-H` inayohifadhi viungo vigumu (majina kadhaa ya faili ileile) huongeza mzigo. Kwa mashine ndogo, tumia `--delete-delay` au ugawe kazi kwa folda.

Kuhusu faili kubwa zilizokatika katikati, kwa chaguomsingi rsync huifuta sehemu iliyokwisha kufika na kuanza upya. Chaguo la `--partial` huihifadhi, lakini huiacha ikiwa na jina la mwisho la faili, kwa hiyo mtu anaweza kudhani nakala imekamilika. Tumia `--partial-dir=.rsync-partial`, ambayo huweka kipande hicho pembeni na kukiendeleza safari inayofuata.

Hatua ya sita: kazi inapokwenda polepole

Kabla ya kulalamika, piga hesabu. Laini huuzwa kwa megabiti, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Laini ya kupakia yenye megabiti 10 kwa sekunde haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 100 zitachukua sekunde 80,000, yaani saa 22 na ziada. Hakuna chaguo la programu litakalobadilisha hilo. Peleka nakala ya kwanza kwa diski ya mkononi, kisha mtandao ubebe mabadiliko tu.

Ikiwa hesabu inaonyesha kwamba laini ingeweza zaidi, tazama aina ya faili. Faili ndogo laki kadhaa huchukua muda mrefu kuliko faili moja yenye ukubwa uleule kwa jumla, kwa kuwa kila moja ina gharama ya kufunguliwa, kulinganishwa na kuandikwa. Chaguo la `-z` husaidia kwa maandishi kwenye laini nyembamba, lakini kwa picha, video na faili zilizokwisha kubanwa huichosha tu prosesa. Kwenye ubao mdogo kama Raspberry Pi 4, ambao prosesa yake haina maelekezo maalumu ya AES (mbinu ya usimbaji), usimbaji wa SSH wenyewe unaweza kuwa ndio kizuizi. Jaribu kuchagua `chacha20-poly1305@openssh.com` kwa `ssh -c` ulinganishe.

Jambo jingine lisilofahamika sana: folda ya mtandaoni (NFS au SMB) iliyopachikwa kwenye seva huhesabiwa na rsync kuwa ya ndani, na kwa njia za ndani rsync hunakili faili nzima badala ya sehemu zilizobadilika. Anayetaka kupunguza data inayopita mtandaoni aendeshe rsync pande zote mbili kupitia SSH.

Hatua ya saba: upande unaopokea

"No space left on device" haimaanishi kila mara kwamba diski imejaa data. Endesha `df -h` kuona nafasi, kisha `df -i` kuona inodi, yaani idadi ya faili ambazo mfumo unaweza kuzisajili. Nakala zenye faili ndogo nyingi humaliza inodi za ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, wakati nafasi bado ipo, na idadi hiyo hupangwa diski inapoumbizwa. Pia ext4 hutenga kwa chaguomsingi asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hukataliwa kabla diski haijajaa kabisa.

Hatari kubwa zaidi ni diski ambayo haikupachikwa. Folda ya `/nakala` ipo hata wakati diski ya nje haipo, na rsync itaandika humo bila swali hadi ijaze diski ya mfumo. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ikiwa diski ya chanzo ndiyo haikupachikwa na amri ina `--delete` (inayofuta kwenye hifadhi kile kisichopo kwenye chanzo), rsync itaona folda tupu na kufuta nakala nzima ili ilingane nayo. Weka kinga kwenye hati ya kazi kabla ya amri yenyewe:

`mountpoint -q /srv/data || exit 1`
`ssh nakala@hifadhi mountpoint -q /nakala || exit 1`

Ongeza pia `--max-delete=500` au namba inayolingana na shughuli zako; ikipitwa, rsync huacha kufuta na kumaliza kwa namba 25. Na kabla ya kutumia `--delete` kwa mara ya kwanza, au baada ya kubadilisha njia yoyote, endesha amri kwa `-n` ili uone kitakachotendeka bila kutendeka. Wakati huo kagua mkwaju wa mwisho: `/srv/data/` inamaanisha yaliyomo ndani ya folda, na `/srv/data` inamaanisha folda yenyewe pamoja na yaliyomo. Kosa la herufi hiyo moja huunda `/nakala/data/data` na kuacha nakala mbili zisizolingana.

Diski za nje zilizoumbizwa kwa FAT32 zina kikomo cha faili moja kisichofikia gibibaiti 4, kwa hiyo nakala ya hifadhidata ikikua siku moja itaanza kukataliwa bila wewe kubadilisha chochote. FAT32 na exFAT pia hazihifadhi wamiliki wala ruhusa za Linux, na FAT hutunza muda wa faili kwa hatua za sekunde mbili, jambo linaloifanya rsync idhani faili zimebadilika na kuzinakili upya kila siku. Chaguo la `--modify-window=1` hupunguza tatizo la muda, lakini kwa nakala za seva ni bora kuiumbiza diski kwa ext4 au XFS.

Ruhusa zikikataliwa ilhali folda ya mwisho inaonekana sawa, tumia `namei -l /nakala/data`, ambayo huorodhesha ruhusa za kila folda kuanzia mzizi. Kizuizi mara nyingi kiko kwenye folda mzazi. Mfumo wa faili uliogeuka wa kusoma tu ni suala jingine kabisa. Kwa kawaida kiini cha Linux ndicho kimeufunga baada ya kukuta hitilafu, kwa hiyo usiupachike upya kwa nguvu. Soma `dmesg`, kagua afya ya diski kwa `smartctl -a`, na ufikirie kubadilisha diski kabla ya kuendelea.

Hatua ya nane: faili zinazobadilika wakati zinanakiliwa

Faili za hifadhidata inayofanya kazi zinaweza kunakiliwa bila kosa lolote na bado zisifae, kwa sababu mwanzo wa faili umesomwa kabla ya badiliko na mwisho wake baada ya badiliko. Rsync haiwezi kukuonya juu ya hili. Toa kwanza nakala kwa zana ya hifadhidata yenyewe: `pg_dump` kwa PostgreSQL, au `mysqldump --single-transaction` kwa majedwali ya InnoDB katika MySQL na MariaDB, kisha uhamishe faili iliyotolewa na uiondoe folda ya hifadhidata kwenye orodha ya rsync kwa `--exclude`. Ondoa pia `/proc`, `/sys`, `/dev` na `/run` ikiwa unanakili mfumo mzima.

Hatua ya tisa: inafaulu kwa mkono, inashindwa usiku

Cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, huendesha kazi katika mazingira finyu. Orodha ya mahali pa kutafuta programu huwa fupi, wakala anayeshikilia ufunguo wako wa SSH hayupo, na mtumiaji anaweza kuwa mwingine, kwa hiyo ufunguo na orodha ya mashine zinazojulikana pia ni vingine. Andika njia kamili za programu, taja ufunguo kwa `ssh -i`, na uongeze `-o BatchMode=yes` ili SSH ishindwe papo hapo badala ya kusubiri nenosiri ambalo hakuna wa kuliandika. Alama ya `%` ndani ya crontab husomwa kama mwisho wa mstari, kwa hiyo amri yenye `date +%F` huvunjika pasipo maelezo yanayoeleweka. Iandike `\%`, au, kama ninavyopendelea, weka kila kitu kwenye hati moja na cron iite hati hiyo tu.

Kazi mbili zikipishana, huharibu vipande vya kila mmoja. Zuia kwa `flock -n /run/lock/nakala.lock` kabla ya amri. Ikiwa matokeo yanapitishwa kwenye programu nyingine kwa alama ya `|`, weka `set -o pipefail` mwanzoni mwa hati ya bash, la sivyo namba utakayoipata ni ya programu ya mwisho, na kushindwa kwa `pg_dump` kutafichwa na mafanikio ya `gzip`.

Hatua ya kumi: thibitisha kilichofika

Kwa kawaida rsync huamua kama faili imebadilika kwa kulinganisha ukubwa na muda tu. Faili iliyoharibika kwenye diski ya hifadhi bila kubadilika ukubwa wala muda haitagunduliwa. Mara moja kwa muda fulani, labda mwishoni mwa mwezi, endesha `rsync -a -n -c -i` kati ya pande mbili. Chaguo la `-c` husoma maudhui yote na kuorodhesha tofauti, na `-n` huzuia badiliko lolote. Kazi hiyo ni nzito, kwa hiyo ipangie saa tulivu. Kwa faili zilizopelekwa kwa FTP, linganisha `sha256sum` za pande zote mbili, na uhakikishe programu imewekwa katika hali ya jozi (binary), kwa maana hali ya maandishi hubadilisha alama za mwisho wa mstari na kuharibu faili zilizobanwa.

Kisha rejesha kitu halisi: chagua folda moja na hifadhidata moja, virudishe kwenye mashine nyingine au folda tofauti, na ujaribu kuvitumia. Unaporejesha faili za watumiaji wengi, fanya hivyo ukiwa root na uongeze `--numeric-ids`, kwa sababu bila chaguo hilo rsync hulinganisha wamiliki kwa majina, na faili za mtumiaji ambaye namba yake ni tofauti kwenye mashine ya hifadhi zinaweza kurudi zikiwa na mmiliki asiyehusika. Chaguo hilohilo lazima liwe limetumika pia wakati wa kutengeneza nakala. Ikiwa halikutumika, kagua wamiliki kwa `ls -ln` kabla ya kuiwasha huduma yoyote inayotegemea faili hizo.